Kulala na gari kwenye vilima vya mchanga vya Namib: mwongozo kwa wanaotoka Lubumbashi

Kila vakansi kubwa inapokaribia, simu yangu inajaa maswali yaleyale. "Kaka, gari letu litaweza?" "Watoto hawataganda na baridi?" "Mchanga wenyewe ni kama ule wa kujengea?" Papa mmoja wa Kamalondo aliniuliza kama anaweza kupanda na basi dogo hadi juu ya kilima. Nimekwisha kujibu kwa simu, harusini na hata matangani. Leo naandika yote mahali pamoja, umpe na jirani yako.

Mahali penyewe ni Sossusvlei, nchini Namibia, katikati ya bahari ya mchanga ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2013. Kutoka kwetu unapita Kasumbalesa, Kitwe, Lusaka, Livingstone, Sesheke, Katima Mulilo, Rundu hadi Windhoek. Hiyo peke yake ni zaidi ya kilomita 2,300, na kutoka Windhoek bado una mia tatu na kitu. Ni njia ileile ya malori yanayotoka bandari ya Walvis Bay. Mimi niliijua nikileta magari Lubumbashi, miaka mingi kabla ya kuthubutu kupeleka watoto wangu.

Kama huna muda wa kusoma yote, shika mambo mawili: upepo wa matairi na maji ya kunywa. Karibu kila mtu niliyemkuta amekwama au anateseka kule alikosea moja kati ya hayo.

Kwanza, gari gani?

Gari zuri kuliko yote kwa safari hii ni 4x4 ya kawaida, Land Cruiser au Hilux, yenye hema la kukunja juu ya paa. Linapita barabara za changarawe bila kulia sana, na linaingia mchangani. Gari kubwa la kulala, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani, lina raha yake ukiwa na wazee au watoto wadogo. Lakini kwenye changarawe linatingishika hadi makabati yanafunguka, na mchangani haliingii kabisa. Ukilichagua, kubali mapema kwamba kipande cha mwisho utapanda gari la kubeba wageni pale hifadhini. Hakuna aibu.

Ukiwa na siku chini ya kumi na sita, ushauri wangu ni kufika Windhoek kwa ndege au basi na kukodi gari palepale. Kuendesha kutoka Lubumbashi kunakula siku tano kwenda na tano kurudi, tena dereva akifika amechoka ndipo kazi yenyewe inaanza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuwasha gari

Karatasi:
- Pasipoti za wote, na viza. Ulizia viza ya Namibia miezi miwili kabla, usisubiri mpaka ukutane na afisa dirishani.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tunatoka nchi yenye ugonjwa huo, kwa hiyo wataiomba.
- Kadi ya bima ya COMESA, nayo ni ya njano, na watu huzichanganya hizi mbili. Hii ya bima inakufaa Zambia. Namibia haimo tena COMESA, kwa hiyo pale Katima Mulilo utalipa ada yao ya barabara kwa gari la kigeni, na bima ya gari lenyewe uitafute kabla.
- Leseni ya kimataifa, kwa sababu ya kwetu ni ya Kifaransa.
- Karatasi halisi za gari. Kama si lako, barua ya mwenyewe iliyopigwa muhuri na noteri.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mzazi akisafiri nao peke yake, abebe barua ya ruhusa ya mwenzake.

Vya gari:
- Kipimo cha upepo cha mkononi na pampu ya umeme inayochomekwa kwenye betri. Hivi viwili usivikose, hata kama itabidi uache viti vya kukunja nyumbani.
- Matairi mawili ya akiba, jeki, na ubao mnene wa kuweka chini ya jeki. Bila ubao, jeki inazama mchangani na gari linabaki palepale.
- Sepeto, kamba ya kuvutia, na mbao mbili za kukwamulia.
- Pembetatu mbili, kizimamoto, na vibandiko vya kung'aa: vyeupe mbele, vyekundu nyuma. Polisi wa Zambia wanaviangalia.
- Bidoni mbili za lita 20 za mafuta.

Vya kulala na kula:
- Maji: lita tano kwa mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili juu yake.
- Blanketi nzito, kofia ya sufu, soksi. Mwezi wa saba usiku unaweza kushuka karibu na sifuri. Baridi yetu ya mwezi wa sita mnaijua; ile ni kali zaidi, na huna ukuta.
- Jiko la gesi, tochi ya kichwani kwa kila mtu, mafuta ya ngozi na ya midomo.

Hatua kwa hatua

1. Lipia kambi kabla ya kuondoka. Kambi unayoitaka ni ile ya Sesriem iliyo ndani ya lango la hifadhi, inayosimamiwa na shirika la serikali, NWR. Wanaolala ndani wanaruhusiwa kuelekea kwenye vilima kama saa moja kabla jua halijachomoza. Wanaolala nje wanasubiri lango lifunguliwe jua linapochomoza, na wakifika, rangi nzuri ya asubuhi imekwisha. Vakansi yetu ya mwezi wa saba na wa nane ndiyo pia majira ya wageni kutoka Ulaya. Ukichelewa, nafasi za ndani zimejaa.

2. Gawa njia kwa siku, na saa kumi na moja jioni uwe umeegesha. Mimi hugawa hivi: Lubumbashi hadi Kabwe au Lusaka, Lusaka hadi Livingstone, Livingstone hadi Katima Mulilo au Kongola, kisha Rundu, kisha Windhoek. Siku ya kwanza toka alfajiri, maana foleni ya malori pale Kasumbalesa haitabiriki.

Ukivuka, unaendesha kushoto hadi mwisho wa safari. Kama usukani wa gari lako uko kushoto, kulipita lori kunakuwa hatari: huoni kilicho mbele mpaka umetoa nusu ya gari. Abiria wa mbele ndiye jicho lako, na lazima awe mtu mzima aliye macho. Akisema "bado", subiri. Kati ya Livingstone na Sesheke mashimo yamesumbua watu kwa miaka mingi. Waulize madereva wa malori hali ilivyo wiki hiyo. Baada ya Kongola unaingia hifadhi ya Bwabwata, karibu kilomita 200 hadi Divundu, na tembo wanavuka lami wakati wowote. Usiku usipite hapo, hata mtu akikuambia yeye alipita salama.

Huku mbu wa malaria wapo, Zambia yote na ukanda wa Zambezi hadi Rundu. Lala na chandarua. Ukishafika jangwani, mbu si tatizo tena.

3. Nyama inunue kusini ya uzio wa mifugo. Kati ya Rundu na Grootfontein, pale Mururani, kuna kituo cha ukaguzi. Nyama mbichi ya ng'ombe au mbuzi haivuki kwenda kusini, kwa kuzuia magonjwa ya mifugo. Nimeona familia ikichukuliwa sanduku zima la nyama, mama akilia. Kula nyama kabla ya hapo, kisha nunua nyingine Otjiwarongo au Windhoek. Unga wa bukari (ugali) na kapenta kavu vinatosha njiani. Randi ya Afrika Kusini inatumika Namibia sawa kwa sawa na dola yao, kwa hiyo usihangaike kubadilisha mara mbili.

4. Changarawe: punguza upepo, punguza mwendo. Ukitoka Windhoek, lami inakupeleka Rehoboth, kilomita kama 90. Hapo unashika C24 ya changarawe, unashuka mlima wa Remhoogte hadi Solitaire, kisha C19 hadi Sesriem. Wenye gari kubwa la kulala au trela wasifuate simu ikiwapeleka Spreetshoogte. Mteremko ule ni mkali mno na trela zimekatazwa.

Hapo changarawe inapoanza, simama. Kama kwenye lami ulikuwa na bari 2.4 (mafundi wetu husema kilo 2.4), shusha hadi 1.9 au 2.0. Pampu nyingi za Zambia na Namibia zinaonyesha kPa: 200 ndiyo bari 2. Gari kubwa lenye mzigo lina namba zake, zisome kwenye kibandiko cha mlangoni na uliza mwenye gari. Pima matairi yakiwa ya baridi. Tairi la moto linadanganya, linaonyesha upepo mwingi kuliko ulionao.

Mwendo usizidi 80 hata kama barabara inaonekana kama uwanja wa mpira. Ajali nyingi za wageni huko hazina gari la pili: mtu anakata kona kwa kasi, changarawe inateleza chini yake kama mahindi makavu sakafuni, anashtuka, anavuta usukani, gari linapinduka. Ukihisi linateleza, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, breki iache.

Jaza tangi Solitaire hata kama liko nusu.

5. Fika Sesriem jua likiwa bado juu. Ofisini lipia kibali cha hifadhi na uulize saa kamili ya lango la ndani kufunguliwa kesho. Kisha egesha pua ya gari ikielekea upande upepo unakotoka. Mchana upepo huinuka na kubeba mchanga. Ukielekeza mlango huko, utakula mchanga kwenye bukari siku tatu. Hema usilitandike chini ya tawi zito la mti wa miiba, matawi yake makavu huanguka.

Kuni usiokote hifadhini, hata kijiti. Zinauzwa.

6. Amka gizani. Saa za Lubumbashi na Namibia ni zilezile, lakini jua la kule linachelewa: mwezi wa saba linachomoza baada ya saa moja na nusu asubuhi, kama saa nzima baada ya letu. Kwa hiyo saa kumi na mbili uwe umeshakunywa chai na gari linanguruma. Vaa nguo tatu tatu. Kufikia saa tano utabaki na shati.

7. Kilomita 60 za lami hadi mwisho wake. Ndani ya hifadhi kuna lami, na mwendo wa juu ni 60. Swala choroa wanasimama katikati ya barabara. Kilima cha 45 kiko kwenye kilomita ya 45, ndiyo sababu ya jina. Kina watu wengi, lakini kwa mara ya kwanza na watoto ni kizuri: kimekaa kando ya barabara na hakihitaji 4x4.

Lami inaishia kwenye maegesho. Hapa gari lisilo 4x4 linabaki, na magari ya hifadhi yanabeba watu kwa malipo hadi Sossusvlei. Mbele ni kilomita tano za mchanga mtupu.

8. Mchanga wenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mimi nilipofundishwa. Mara ya kwanza niliingia na bari 2.4, kwa kiburi cha mtu aliyeendesha matope ya barabara ya Kasenga wakati wa mvua. Nikadhani mchanga ni ndugu ya matope. Matope unayashinda kwa kukanyaga mafuta. Mchanga ukiukanyagia, tairi linachimba kaburi lake. Mita mia tatu tu, gari likakaa tumbo chini. Tulichimba saa mbili na nusu, mke wangu na watoto chini ya kivuli cha mlango, hadi dereva wa hifadhi aliposhuka, akatoa upepo kwenye matairi bila kusema neno, na gari likatoka kwa mara moja.

Fanya hivi:

a) Simama kwenye maegesho, shusha upepo hadi bari 1.3 au 1.4. Tairi linatandaa kama unyayo wa ngamia na halikati mchanga.

b) Weka 4x4 ya gia nzito, ile ya 4L. Anza kwa gia ya pili. Kama kuna swichi ya kufunga difu ya nyuma (ili matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja), funga kwenye sehemu ngumu, kisha ifungue ukitoka.

c) Enda kwa mwendo mmoja, usiobadilika. Fuata nyayo za magari yaliyotangulia. Usikate kona kali: tairi lenye upepo mdogo linaweza kutoka kwenye ringi.

d) Ukitaka kusimama, usikanyage breki. Toa mguu, gari lijisimamie lenyewe, ikiwezekana pua ikielekea chini.

e) Ingia asubuhi. Mchanga wa baridi umeshikana. Wa saa saba mchana ni laini kama unga wa muhogo.

9. Panda kwa miguu. Deadvlei iko kama kilomita moja kutoka kwenye maegesho ya mwisho. Ni sakafu nyeupe ya udongo yenye miti myeusi iliyokufa karne nyingi zilizopita, mchanga ulipoufungia njia mto Tsauchab. Miti haikuoza kwa sababu hakuna unyevu wa kuiozesha. Usiiguse, usimwegemeze mtoto kwa ajili ya picha. Kilima kirefu hapo kinaitwa Big Daddy, mita 300 na zaidi. Kupanda ni saa moja na nusu au mbili, ukitembea juu ya ukingo wake, nyayo kwenye nyayo za mwenzako. Kila mtu abebe lita mbili za maji, na saa nne mwanze kushuka. Mchana wa kiangazi mchanga unachoma hata ndani ya viatu.

10. Rudisha upepo. Ukifika tena kwenye lami, pampu kabla ya kitu kingine chochote. Watu wanasahau kwa furaha ya picha, wanapiga kilomita 60 za lami na tairi laini, linapata moto, linapasuka.

11. Usiku. Naomba usome hapa mara mbili. Nyumbani kwetu, baridi ikizidi, mama anaingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani. Kwenye gari au hema usifanye hivyo, hata dakika tano, hata makaa yakiwa yamekuwa majivu mekundu tu. Hewa yake haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini, na gari ni chumba kidogo mno. Jiko la gesi nalo lizimwe na kufungwa kwenye chupa kabla ya kulala. Joto litafute kwa chupa za maji ya moto ndani ya blanketi, moja kwa kila mtoto.

Viatu vyote viingie ndani. Mbweha wa Sesriem ni wezi wa viatu na mabaki ya chakula. Vikibaki nje kwa bahati mbaya, vikung'ute kabla ya kuvaa; nge wanapenda humo.

Mambo yakiharibika

*Gari limekwama.* Acha mafuta mara moja. Shusheni wote. Ondoa mchanga mbele ya matairi yote manne na chini ya tumbo. Shusha upepo hadi bari 1.0, weka mbao chini ya matairi, kisha rudi nyuma kwenye nyayo zako mwenyewe, maana hapo mchanga umeshakandamizwa. Mtu asisimame mbele wala nyuma ya mbao, zinaruka kama risasi.

*Asubuhi gesi inawaka kwa unyonge.* Vichupa vidogo vya butani havitoi gesi vizuri karibu na sifuri. Laza kichupa ndani ya blanketi usiku, au kiweke kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu. Usikisogeze motoni kamwe.

*Betri imekufa.* Mara nyingi ni friji iliyoachwa usiku kucha kwenye betri ya kuwashia. Kama huna betri ya pili, chomoa friji saa mbili usiku. Kwa baridi ile chakula hakitaharibika.

*Mtoto anatokwa damu puani.* Hewa ni kavu sana. Mwinamishe mbele, bana pua dakika kumi, kisha mpe maji mara kwa mara na paka mafuta kidogo ndani ya pua jioni. Ikiendelea zaidi ya nusu saa, muulize mhudumu wa kambi daktari aliye karibu.

*Gari linakosa nguvu wakati wa kurudi.* Fungua filta ya hewa, utakuta vumbi la C24 limejaa. Ikung'ute na uipulize kwa pampu yako kutoka ndani kwenda nje. Ukifika Lubumbashi weka mpya. Dola za Namibia zilizobaki zitumie zote kwenye mafuta pale Katima Mulilo, maana ukishavuka Zambezi ni vigumu kumpata atakayezipokea.